Bosi anataka "Mmaasai mmoja, Msomali mmoja" kwenye tangazo, nimwambieje?

Swali: "Mimi ni kopiraita mgeni kwenye ajensi moja huku Westlands. Tuko na kampeni ya kampuni ya kutuma pesa na klaienti anataka tangazo la 'Kenya yote'. Stori yenyewe ni mama wa Nairobi anamtumia mwanawe karo. Sasa bosi anasema pale muziki unapanda tuongeze Mmaasai mmoja akiruka, Msomali mmoja wa Eastleigh dukani akicheka, na mtoto kwenye kiti cha magurudumu akipiga makofi, tumalizane na hiyo maneno ya minorities. Mimi ni Mborana wa Isiolo na kuna kitu hapo hakinikai vizuri, lakini nikijaribu kukieleza naonekana naleta ukabila kwa ofisi. Si ni vizuri tuonekane angalau? Ama nina wivu tu?"

Jibu:

Dadangu, huna wivu na hujaleta ukabila. Kuna kitu hapo kweli, ila hakiko mahali watu huwa wanakitafuta. Wengi wakiona tangazo la aina hiyo wanahesabu vichwa, Msomali yuko, Mmaasai yuko, mlemavu yuko, wanatia tiki wanaenda lanchi. Mimi kabla niingie kufundisha nilikaa kwa haya mambo ya matangazo miaka mingi hapa mjini, na nikipewa storibodi, ile michoro ya tangazo kabla ya kushuti, huwa nauliza kitu kimoja: humu ndani nani ananunua?

Chukua hiyo yenu uiangalie fremu kwa fremu. Mama wa Nairobi ako na shida, karo haijalipwa, ni Ijumaa na mtoto atarudishwa nyumbani, simu iko mkononi mwake, anabonyeza, pesa inaenda, anashusha pumzi, na sentensi ya mwisho anaisema yeye. Huyo ni mtu. Halafu muziki unapanda na Mmaasai anaruka. Anamtumia nani pesa? Hakuna. Shida yake ni gani? Hana. Kwanza simu yenyewe hana, na ukimpa itakuwa imechomekwa kwa shuka ili tucheke kidogo. Yule wa Eastleigh anacheka na kamera, dukani hakuna mteja, hakuna mtu anabishana bei, na wewe unajua Eastleigh hakuna duka limenyamaza hivyo saa za kazi. Mtoto anapiga makofi. Anapigia nani? Anampigia yule mama wa kwanza, juu yeye ndiye mwenye hii stori. Kwa hivyo tangazo ni la kutuma pesa na kati ya hao watatu hakuna hata mmoja ametuma shilingi. Bosi wako ana githeri yake tayari imeiva, anatafuta tu dania ya kunyunyiza juu.

Hapo ndipo panakuuma, hata kama hukuwa umepata njia ya kupasema. Watu wenu wameonekana lakini hawajahesabiwa kama wateja.

Na kinachonichekesha ni vile wewe ni Mborana na Kiamaiko, lile soko la mbuzi na machinjio hapa Nairobi, unaijua. Mbuzi wengi sana wanaoliwa hapa mjini wanapita Kiamaiko, wametoka Isiolo, Merille, Marsabit mpaka Moyale, na kati ya mfugaji na ile choma ya Jumamosi pesa imetembea mara ngapi jamani? Broka amemlipa mfugaji, mwenye lori amelipwa, kaunti imechukua ushuru wake, mchinjaji, mbebaji, mwenye bucha wa Kasarani ambaye atalipa nusu leo na nusu akishauza. Hiyo yote inapita kwa simu, alfajiri, kwa kelele, na nusu ya maongezi ni Kiborana. Ama hao wa Eastleigh, watu wanaouzia nguo wateja wa jumla wa kutoka Uganda, Tanzania mpaka Kongo, utaniambia kazi yao kwenye tangazo la kutuma pesa ni kucheka? Mmaasai wa Kajiado anauza ng'ombe, analipia karo watoto na bili ya hospitali kama huyo mama tu. Klaienti wako anatoa pesa nzuri sana ili wateja wake wakubwa wawekwe nyuma kama mandhari, na nina hakika hajui, hakuna mtu amemwambia.

Uliuliza si ni vizuri tuonekane angalau. Mwangalie Mmaasai. Hii nchi hakuna mtu anaonekana kumshinda, ngao iko kwa bendera, sura yake iko kwa kila bango la utalii, na nje huko ndio usiseme, Louis Vuitton walitoa mitindo ya mashuka yao mwaka 2012, kuna kampuni ya Uswisi iliita viatu vyake Masai Barefoot Technology, MBT, ikauza dunia nzima. Kwa sensa ya 2019 Wamaasai ni kama milioni 1.19. Sasa niambie ni lini mara ya mwisho umeona kwa tivii tangazo la dawa ya meno ama mortgage ama unga ambalo baba wa hiyo nyumba ni Mmaasai, amevaa shati, amekaa kwa sofa, na hakuna mtu anaruka. Kuonekana amepata mpaka kumezidi. Nafasi ya kuwa mtu wa kawaida mwenye kaunta ya jikoni, hiyo bado.

Kuna kisa kimoja cha zamani huwa nawapa wanafunzi. Nike walipiga tangazo la viatu huku Kenya na Wasamburu, likaonyeshwa Marekani, mwaka 1989 ndio habari ikalipuka. Jamaa mmoja anaangalia kamera, anasema kitu kwa Kimaa, lugha yao na ya Wamaasai, na chini ya skrini inatokea ile kauli yao ya "Just do it". Basi Mmarekani mmoja mwanaanthropolojia, Lee Cronk, ambaye alikuwa amefanya utafiti huku kwetu na anasikia Kimaa, akalitazama akabaki mdomo wazi, kwa sababu yule jamaa hakusema hivyo hata kidogo, alikuwa anasema hivi sivitaki, nipe viatu vikubwa. Yaani mteja alisimama mbele ya kamera akalalamika kuhusu saizi, na kampuni ya viatu, kampuni ya viatu kweli, ikachukua hayo malalamiko ikayafanya mapambo. Huyo ndiye mtu pekee kwa hilo tangazo aliyekuwa anaongea biashara.

Msicheke sana lakini, kwa sababu sisi wenyewe hapa Nairobi tunafanya vibaya zaidi na hatuna kisingizio cha kutojua lugha. Njoo kwa redio. Skripti za redio za hii mji nimezisoma nyingi na zinafanana ajabu. Kuna meneja, kuna soja wa geti, kuna mboch wa nyumba, kuna Mhindi wa hardware. Meneja anaongea Kiswahili kisafi ama Kiingereza, huwezi kujua ametoka wapi. Soja ana aksenti ya Kimaasai ama ya Kiluhya, msichana wa nyumba naye ana yake, Mhindi anaharibu kila kitenzi. Na mara nyingi hizo sauti zote zinafanywa na jamaa mmoja kwa studio, mchekeshaji mwenye kipaji, analipwa mara moja, amemaliza makabila manne kabla ya saa sita. Hata mimi hucheka, usinielewe vibaya, mchekeshaji akisimama jukwaani akaiga mamake mwenyewe huo ni utani wa nyumbani na Wakenya tumekulia kwa huo utani. Lakini kwa skripti yako, ukiona soja ana aksenti na meneja hana, tayari umewaambia watu ni nani amezaliwa akae getini. Mpe meneja aksenti uone vile chumba kitanyamaza. Na huyo Mhindi wa duka naye, hii nchi ilimtambua rasmi kama jamii ya 44 mwaka 2017, Makhan Singh, yule kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru hadharani pale Kaloleni hapa Nairobi mwaka 1950 wakati wengi walikuwa wanaogopa kuutaja, na mjukuu wa kizazi chake bado kwa redio anauza misumari tu na kuhesabu chenji.

Kwa upande wa habari sitakaa sana maana wewe uko kwa matangazo, ila hizi mbili zinalishana. Wasomali wa Kenya kwa sensa hiyo ya 2019 ni kama milioni 2.78, jamii ya sita kwa ukubwa, wamewashinda Wakisii na Wamijikenda. Kwa hesabu si wachache kihivyo. Kinachowafanya wachache ni kwamba picha yao hawaishiki wao. Tangu vita vya shifta vya miaka ya sitini, vya waliotaka Kaskazini Mashariki ijiunge na Somalia, halafu sheria za hali ya hatari huko Kaskazini Mashariki ambazo hazikuondolewa mpaka 1991, mtu wa huko alizoea kuingia kwa gazeti kupitia mlango wa usalama. Baada ya shambulio la kigaidi la Westgate 2013, na msako wa polisi wa Usalama Watch wa Aprili 2014 ambapo watu kwa maelfu walishikwa na wengi kufungiwa Kasarani uwanjani, ule mlango ukapanuka ukawa geti. Mhariri wa picha akiwa na stori ya ugaidi saa kumi na moja jioni na hana picha, anatafuta kwa maktaba anapata wamama wa buibui wanavuka barabara Eastleigh, anaibandika. Wale wamama walikuwa wametoka kununua nyanya. Kesho yake ajensi inafanya utafiti wa "hii jamii inahusishwa na nini", majibu yanarudi vile yanarudi, na planner, yule wa mikakati, anaandika kwa slaidi kwamba kumweka Msomali kama sura kuu ya brandi ni risk. Umeona vile inazunguka? Na hapo hujakuta mtu hata mmoja anayechukia mtu.

Wale wadogo kabisa kwa idadi nao wana adhabu yao tofauti. El Molo, sensa iliwahesabu 1,104, huwa habari tu wakati mtu anataka kusema lugha inakufa. Waogiek waliishinda serikali ya Kenya kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha tarehe 26 Mei 2017, na 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia, yaani kesi ya ardhi ambayo mawakili wengine Afrika nzima wanaisoma, na bado kamera ikifika msitu wao wa Mau inaomba mzee avae ngozi apande mti wa mzinga. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuja Nairobi 2016 wakitafuta vitambulisho, wakapigwa picha kila kona, wakapata, wakawa jamii ya 43, na tangu siku hiyo ni kama hawali, hawanunui sabuni, hawana simu.

Sasa twende kwa huyo mtoto wa kiti cha magurudumu, juu hapo ndipo bosi wako ataona umemshika bila matusi. Washa taarifa ya saa moja usiku. Yuko yule mkalimani wa lugha ya ishara kwa kona ya skrini, yuko pale kwa sababu sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilizitaka stesheni ziweke mkalimani ama maandishi kwenye habari, na Katiba nayo inaitambua lugha ya ishara ya Kenya. Halafu mtangazaji anasema tupumzike kidogo. Matangazo yanaingia, na mkalimani anapotea. Dakika tatu nne za benki, sabuni, mafuta ya kupika, bima, zote bila mkono hata mmoja. Habari zikirudi anarudi. Kwa hivyo kiziwi anaruhusiwa kujua mafuriko yamefika wapi lakini hakuna mtu amefikiria anaweza kufungua akaunti. Sensa ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu hii nchi, na mtu wa mauzo atakayeniambia hao wote hawana pesa namwomba aende maduka ya dawa tu akaulize. Lakini kwa ajensi zetu mlemavu anaishi kwa sehemu mbili, kwa ile video ya msaada ambapo wakubwa wa kampuni wanashika cheki kubwa la kadibodi, na kwa hizo fremu za makofi.

Sasa unamwambiaje. Usiende na Katiba. Najua kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi hata kati ya mtu na mtu, na najua kuna Baraza la Vyombo vya Habari na NCIC, ile tume ya uwiano na utangamano wa makabila, lakini hilo tangazo halijavunja sheria yoyote, ni la uvivu tu, na ukimtishia mtu na sheria juu ya uvivu atakuona wewe ni shida ya HR. Nenda na hesabu ya klaienti. Mwambie, bosi, nimekaa na storibodi nikaona tuna sura nne na mnunuzi mmoja, naweza kukupa wanunuzi wawili kwa bajeti ileile? Hiyo sentensi hakuna bosi wa ajensi anaweza kuikataa mbele ya watu.

Halafu uwe na kitu mkononi. Mimi ningeitupa ile montaji ya muziki yote, zile fremu tatu za kuruka, kucheka na makofi, na kuandika hivi: saa kumi na moja alfajiri Kiamaiko, mwanamke wa Kiborana mwenye biashara ya mbuzi, amejifunga shash yake ya kichwani vizuri, anabishana kwa simu na mwenye bucha ambaye anasema atalipa kesho, na yeye anamwambia kesho mbuzi watakuwa wamepata mwenyewe, simu inatoa mlio, pesa imeingia, anaangalia, anasema bado mia mbili. Hiyo mia mbili ndiyo tangazo. Kila mtu wa hii mji ataicheka na hakuna mtu atakuwa amechekwa kwa ukabila wake. Na yule mama wa karo? Anabaki, mfanye ndiye mteja wa huyo mwenye bucha ukitaka zishikane, hiyo ni kazi yako, wewe ndiye kopiraita.

Kitu kingine nimekiona kinafanya kazi, ukilazimishwa kuweka mtu wa jamii fulani, weka wawili na wasikubaliane. Ukiweka Msomali mmoja anakuwa balozi wa Wasomali wote, kila mtu anamkagua. Ukiweka wawili kwa duka moja, mzee anasema hiyo appu ni ya watoto na binti yake anamwonyesha vile inarudisha pesa ikienda namba mbaya, ghafla hao ni mtu na babake. Hata mtoto wa kiti cha magurudumu, mpe ndugu wa kugombana naye juu ya nani amemaliza bando. Hakuna makofi.

Lugha usiandike mwenyewe kama si yako, na usimwachie eti mtu wa ofisi ambaye nyanyake alikuwa wa huko. Lipa msemaji wa hiyo lugha asome skripti kabla ya kushuti, na mwingine aangalie editi kabla haijaenda hewani, wawili tofauti, sababu nimeshakupa ya viatu. Na kasting, yaani kuchagua waigizaji, ifanyike huko kwenyewe. Tabia ya kuchukua jamaa yeyote mrefu wa kutoka Kikuyu, kumvalisha shuka ya Maasai Market na kumpeleka Athi River, watu wa Kajiado huwa wanaijua kwa sekunde moja, namna amefunga shuka peke yake inamtoa.

Wewe binafsi jilinde kidogo. Wewe ni mgeni hapo na ni Mborana, kwa hivyo watakufanya mshauri wa "Kaskazini yote" bure, leo Kirendille, kesho Kisomali, kesho kutwa utaulizwa Waturkana wanasherehekea aje. Kataa mapema kwa upole, sema hiyo ni kazi na ina bei, tutafute mtu. Skripti yako ipitishwe kwa sababu ni nzuri.

Na akikataa zote? Inawezekana, tarehe za kushuti huwa zinakuja mbio. Basi pigania kitu kimoja tu kwa hizo fremu tatu, chagua ya Eastleigh maana ndiyo rahisi na haiongezi bajeti. Mwambie dairekta amweke mteja mbele ya kaunta na simu ya mwenye duka ilie. Amtazame mteja, asitazame kamera, aseme imeingia. Neno moja. Na kwa sababu amesema neno, kwa mikataba mingi ya kasting huyo si ekstra tena, si mtu wa kujaza nyuma, anahesabiwa ana laini ya kusema na malipo yake yanapanda, kwa hivyo hakikisha imeandikwa hivyo kwa kolshiti, ile ratiba ya siku ya kushuti, kabla hujatoka ofisini, la sivyo prodakshen watamlipa ya kucheka.